Eti "usumbufu uliojitokeza"! Ulijitokeza wenyewe?

Wakuu, leo siku ya nne tangu nikatwe hela mara mbili kwa huduma moja. Kampuni sitaitaja, maana ugonjwa huu wanao wengi. Simu yao ni muziki tu, barua pepe kimya. Nikaenda kulalamika chini ya tangazo lao la promosheni.

Dakika tatu hazikuisha: "Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali njoo inboksi." Wa chini yangu, aliyefungiwa akaunti, kajibiwa hayo hayo. Mwingine kaandika "hongereni, huduma safi", naye kaombwa radhi kwa usumbufu uliojitokeza! Nikacheka, kisha hasira zikarudi.

Inboksi nikaenda. Nikatuma risiti na namba ya muamala. Nikaulizwa namba ya muamala. Kurudi kwenye tangazo, komenti yangu haipo. Ya mpongezaji ipo.

Hilo neno "uliojitokeza" ndilo linaloniwasha. Usumbufu si uyoga. Kuna mtu kawasha mfumo bila kuujaribu, kuna bosi kaambiwa mapema akapuuza. Sentensi imetungwa makusudi asionekane aliyefanya.

Na si hawa tu. Aprili 2017 abiria wa United Airlines, shirika la ndege la Marekani, aliburutwa kutoka kwenye kiti chake, ndege ikiwa bado Chicago, video zikaonyesha damu mdomoni. Bosi wao, Oscar Munoz, akaomba radhi kwa kulazimika "kuwapangia upya" abiria. Kuburutwa ndiko kupangiwa upya! Halafu barua yake kwa wafanyakazi ikavuja, humo mkorofi ni abiria. Baada ya dunia nzima kuwaka ndipo akakiri kwamba hakuna anayestahili kutendewa vile. Kauli hiyo siku ya kwanza ingemgharimu nini?

Kufuta nako hakusaidii. Machi 2010 wanaharakati wa mazingira wa Greenpeace waliibana kwa video kampuni ya vyakula ya Nestlé, kisa mafuta ya mawese na ukataji wa misitu Indonesia. Kampuni ikaomba video hiyo iondolewe YouTube, watu wakazidi kuisambaza. Msimamizi wa ukurasa wao wa Facebook akaanza kutishia kufuta komenti za waliochezea nembo ya kampuni, tena kwa kejeli: ukurasa wetu, masharti yetu. Moto ukazidi. Mwezi Mei Nestlé walikuwa wanatangaza mpango wa kukagua wanakonunua mafuta.

Kumbe wakitaka wanaweza. KFC Uingereza waliishiwa kuku Februari 2018 baada ya kubadilisha msambazaji, mamia ya migahawa ikafungwa. Wakalipia ukurasa mzima wa gazeti, wakapanga upya herufi za jina lao likasomeka karibu na tusi, wakakubali kwamba mgahawa wa kuku usio na kuku si jambo zuri. Watu walicheka nao. Ila tusidanganyane, utani ule ulifaa kwa sababu kilichokosekana ni kuku. Ungemtania mtu aliyetoka damu?

Huyo kijana wa inboksi simlaumu. Kapewa majibu ya kunakili, hana ruhusa ya kumrudishia mtu hata senti. Wenye ruhusa hawasomi komenti mpaka ziingie kwenye taarifa ya habari.

Leo asubuhi nimeandika tena: "Hongereni sana kwa kunikata mara mbili." Haijafutwa. Wameipa na alama ya moyo.