Elektroliti za wanga na kitosani: namba ya upitishaji ioni inatosha kuziita mbadala?

Mwanzisha mada
Wakuu, naleta hili tulijadili bila jazba. Tafiti za elektroliti (kitu kinachopitisha ioni, yaani chembe zenye chaji, kati ya elektrodi mbili za betri) zinazotokana na polima asilia zinafuata njia ileile. Wanachukua kitosani (polima ya magamba ya kamba na kaa), wanga au selulosi, wanatia chumvi, wanaongeza kilainishi kama gliseroli au sorbitoli, wanakausha mpaka upatikane utando, wanapima. Upitishaji ioni umepanda, basi tunaambiwa mbadala wa kijani wa elektroliti za kimiminika umepatikana, na fedha za umma ziendelee kumiminika. Mimi nasema namba hiyo peke yake haithibitishi kitu.

Kitosani kikavu kisicho na chumvi karibu ni kihami, chini ya 10⁻⁸ S/cm (siemens kwa sentimita, kipimo cha upitishaji). Chumvi ya amonia au ya lithiamu inakifikisha 10⁻⁶ hadi 10⁻⁵, kilainishi kinakisogeza hadi 10⁻⁴, na wapo wanaotangaza 10⁻³. Elektroliti ya kimiminika kwenye betri ya lithiamu ni karibu 10⁻². Kwamba kilainishi kinafanya kazi sina ubishi: kinapenya kati ya minyororo ya polima, kinalegeza vifungo vya hidrojeni vilivyoishikanisha, minyororo inacheza na ioni zinapata njia. Pia kinasaidia ioni za chumvi kuachana.

Tatizo ni kwamba gliseroli hunywa maji hewani, na maji nayo ni kilainishi. Utando uliopimwa wazi juu ya meza, umepima polima au umepima unyevu wa chumba?

Mpimaji
Mkuu, kwenye unyevu nakuunga mkono, ila namba yenyewe usiitupe. Hesabu yake ni fupi: gawa unene wa utando kwa zao la ukinzani na eneo. Unene sm 0.02, eneo sm² 2, ukinzani ohm 20 uliosomwa kwenye mchoro wa impidansi (ukinzani unaopimwa kwa mkondo geugeu), unapata 5 × 10⁻⁴ S/cm. Sasa utando wenye gliseroli nyingi ni mlegevu, ukiubana kati ya diski mbili za chuma cha pua unabonyea. Kama umebaki sm 0.015 na wewe umeandika unene wa kabla ya kubana, umetangaza theluthi moja ya ziada ambayo haipo. Hilo nimeliona sana na halitajwi.

Halafu kifaa hakijali S/cm. Kinajali ukinzani kwa eneo. Utando wa mikromita 100 wenye 10⁻⁴ S/cm unaweka ohm 100 kwa kila sentimita ya mraba. Pitisha miliampea 1 hapo, volti 0.1 imepotea. Utando huohuo ukiwa wa mikromita 10, hasara ni volti 0.01. Anayerundika kilainishi ili namba ipande, huku utando ukilegea kiasi cha kutoweza kutengenezwa mwembamba, huenda anajirudisha nyuma mwenyewe.

Mtetezi wa polima
Mnazipima kwa kazi ambayo wengi hawajazipa. Nani kasema wanga utaendesha gari kesho? Nyingi ya tando hizi zina chumvi za amonia, kinachotembea ni protoni, na zinalengwa kwenye superkapasita (kifaa kinachohifadhi chaji juu ya elektrodi) na vifaa vidogo vya matumizi mafupi. Tofauti na betri ya lithiamu, superkapasita haina shida ioni chanya ikibeba asilimia ngapi ya mkondo, kwa sababu ioni za pande zote mbili zinajipanga kwenye elektrodi.

Tukumbushane pia historia. Upitishaji wa oksidi ya polietilini (polima ya kiwandani) yenye chumvi ulionekana mwaka 1973, na kwenye joto la kawaida ulikuwa hafifu kwa sababu ya fuwele zinazozibia ioni njia. Magari ya umeme ya kukodi ya Autolib mjini Paris, yaliyoanza 2011, yalitumia betri za polima zinazofanya kazi zikiwa zimepashwa moto. Karibu miaka 40! Mngekuwepo 1973 mngeifunga mada.

Msomaji tu
Swali langu dogo: zikioza kwa urahisi, si zitaoza zikiwa kwenye kifaa?

Mpimaji
Ukungu unaupenda wanga, ndiyo. Kabla ya ukungu kuna jingine: minyororo ya wanga hujipanga upya kuwa fuwele kadiri wiki zinavyopita, na ioni zinakosa nafasi. Namba ya siku ya kwanza na ya mwezi wa pili si ndugu.

Mwanzisha mada
Mtetezi, hoja ya superkapasita naipokea, lakini basi iandikwe hivyo kwenye kichwa cha habari, isiandikwe "betri". Lithiamu ya metali inamenyana na vikundi vya haidroksili (OH) vilivyojaa kwenye polisakaridi (wanga, selulosi, kitosani), na maji yaliyobaki yanaongezea.

Na huo "ukijani" tuuchunguze. Kitosani kinatoka kwenye magamba ya kamba na kaa, sawa, taka zimepata kazi. Lakini kuondoa vikundi vya asetili kwenye kitini (malighafi ya kitosani iliyo ndani ya magamba) kunahitaji soda kali iliyokolea na joto. Chumvi nazo: pakloreti ya lithiamu, au chumvi zenye florini. Utando utaliwa na bakteria, chumvi itabaki palepale udongoni. Anayetangaza kijani aeleze na chumvi yake inaishia wapi.

Mtetezi wa polima
Kwenye chumvi umenibana. Ila masharti yenu ya unyevu yatazifungia mlango maabara ndogo, maana si kila mtu ana kisanduku cha argoni (kilichofungwa na kujazwa gesi isiyo na unyevu).

Mpimaji
Hakihitajiki. Chukua chombo kinachofunga vizuri, weka ndani mmumunyo uliokifu (chumvi imezidi mpaka haiyeyuki tena) wa chumvi ya mezani: kwenye nyuzi 25 hewa itatulia karibu na unyevu wa 75%. Kingine weka kloridi ya magnesiamu, utapata kama 33%. Pima uzito wa utando kabla na baada ya kukaa humo, kisha pima upitishaji hukohuko ndani, chombo hiki na kile. Mtuwekee namba mbili badala ya moja, ndipo tubishane.