Tupeane uzoefu: gari linavuta upande, tairi linaliwa. Tunaanzia wapi kabla ya kulipia alaimenti?

Spana19 (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna kitu kinawamaliza watu hela bila sababu. Gari likivuta kidogo tu, mtu mbio kwenye mashine ya alaimenti (ile inayopima kama magurudumu yamesimama na kuelekea sawasawa). Karatasi inatoka yote ya kijani, analipa, na baada ya wiki mbili gari linavuta vilevile. Mashine haikosei kila mara. Imepima gari ambalo bushi (raba za kwenye maungio ya chini ya gari) zimechoka, na bushi iliyochoka inakaa hivi gari likisimama, inakaa vingine likitembea.

Naomba tukusanye hapa tunachokijua: dalili, jinsi ya kupima, kinachorekebishwa, na gari gani. Habari za "gereji fulani walinifanyia hivi" tuziache, tuweke vipimo.

Naanza na kutenganisha malalamiko, maana watu wanayachanganya. Usukani unatetemeka ukifika kasi ya 80 mpaka 110, ukipunguza unatulia: hiyo ni balansi (uzito wa gurudumu haujasawazishwa), au rimu imepinda, au tairi limevimba. Alaimenti haihusiki hata kidogo. Unatetemeka ukikanyaga breki tu: diski. Gari linaenda upande ukiachia usukani, au linaenda sawa lakini usukani umekaa pembeni, au tairi linaliwa upande mmoja: hapo sasa ndipo tunapozungumzia alaimenti.

KashataNzima

Mkuu Spana19, mada nzuri sana. Mimi naongezea kusoma tairi, kwa sababu tairi linakwambia tatizo kabla hujashika spana yoyote.

Limeisha pembe zote mbili, katikati bado lina kashata (michongo ya tairi): upepo ulikuwa mdogo. Limeisha katikati: upepo ulizidi. Lina mabonde mabonde ukilizungusha: shokapu imekufa, au balansi. Limeisha pembe ya ndani tu au ya nje tu, na pale lilipoisha ni laini: kemba, yaani tairi limelala upande badala ya kusimama wima.

Matairi yakiwa yamefunga kwa mbele (mbele yamekaribiana kuliko nyuma) au yamefunguka (mbele yameachana kuliko nyuma) kupita kiasi, macho hayatoshi, tumia kiganja. Pitisha mkono juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukienda ndani ni laini na ukirudi nje unakwaruzwa na ncha kali, matairi yamefunga mno kwa mbele. Ikiwa kinyume chake, yamefunguka. Hali hii ndiyo inayokula tairi haraka kuliko zote, kwa sababu tairi linaburuzwa pembeni muda wote linapotembea. Kemba ikikosea kidogo unaweza usiione kwa miezi, lakini hii inaonekana mapema. Yaliyofunga huanza kuisha pembe ya nje, yaliyofunguka pembe ya ndani. Na pembe ya ndani ndiyo hatari, kwa sababu ukiinama nje ya gari huioni. Kata usukani mpaka mwisho ndipo uchungulie, la sivyo utakuja kuona nyuzi zimeshatoka.

Upepo32

Kabla ya yote, upepo. Pima asubuhi gari halijatembea. Kiwango kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani yameandikwa kwa kPa: 220 ni kama psi 32, 230 ni kama 33. Tairi la kushoto likiwa na 26 na la kulia 33, gari litavuta kushoto na hakuna mashine itakayokusaidia.

Upepo ukiwa sawa na bado linavuta, badilishana matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa liko kwenye tairi lenyewe. Likiendelea kuvuta upande uleule, endelea na chasisi. Kama kashata zina mshale wa mwelekeo, fanya jaribio la umbali mfupi kisha yarudishe.

BushiNaBoli

Sasa vyuma vilivyolegea. Hapa ndipo pa kutumia muda wenu, wakuu, na wengi wanaparuka.

Piga jeki gurudumu la mbele, weka stendi ya chuma chini ya chasisi. Shika tairi kushoto na kulia, livute na kulisukuma. Likicheza, ni tairodi ya nje (kiungo cha fimbo ya usukani kwenye gurudumu) au raki endi (kiungo chake cha ndani, kwenye raki ya usukani). Kujua ipi, mwenzako aendelee kutikisa huku wewe umeshika maungio ya tairodi. Kama hayachezi, minya buti ya raba ya raki, utasikia chuma cha ndani kikigonga kwenye vidole. Kisha shika juu na chini. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boli jointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu na mkono wa chini).

Boli jointi ya chini kwenye gari kama Vitz, IST au Corolla inajificha. Weka mtaimbo chini ya tairi lililoinuliwa na upandishe taratibu huku ukiangalia maungio.

Bushi ya nyuma ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na chasisi), ile kubwa, ndiyo inayoponza wengi. Ikipasuka, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma na gari linavuta upande. Ukiachia, linarudi mahali pake. Ndiyo maana kwenye mashine inaonekana nzima. Dalili ni kuvuta kunakobadilika: ukiongeza mafuta linavuta huku, ukifunga breki linavuta kule. (Breki iliyokwama upande mmoja nayo huvuta. Baada ya safari fupi gusa rimu zote mbili za mbele, yenye moto kuliko mwenzake ndiyo iliyokwama.)

Na hili mafundi wengi hawalifanyi: ukibadilisha mkono wa chini au bushi zake, boliti za bushi zisikazwe gari likiwa limeinuliwa. Zishikize tu, shusha gari, libonyeze juu chini mara kadhaa, lisogeze mbele na nyuma, ndipo ukaze kwa nguvu ya mwisho gari likiwa limebeba uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, raba inakaa imejipinda maisha yake yote. Inapasuka mapema, na gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa.

Alaimenti inahitajika baada ya kubadilisha tairodi, raki endi, mkono wa chini au shokapu za mbele. Linki za stablaiza na pedi za breki hazihitaji.

Kamba na Utepe

Wengi hawaamini kwamba kufunga na kufunguka kwa matairi ya mbele kunaweza kupimwa nyumbani kwa kamba. Kunapimwa vizuri kabisa, ukiwa na sakafu tambarare na subira.

Chukua mabomba mawili yaliyonyooka, marefu kuliko upana wa gari. Yatie alama za kufungia kamba kwa umbali uleule kabisa kwenye mabomba yote mawili. Moja likae mbele ya gari, lingine nyuma, juu ya stendi, kimo cha katikati ya magurudumu. Funga kamba ya uvuvi pande zote mbili, ikazike sana. Sasa sogeza mabomba kushoto na kulia mpaka umbali kutoka kamba hadi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kushoto ulingane na wa mbele kulia. Fanya hivyo kwa nyuma pia. Usihangaike kuulinganisha wa mbele na wa nyuma, kwa sababu magari mengi upana wa magurudumu ya mbele si sawa na wa nyuma. Kamba zikishalingana na gari, zimekuwa mstari wako wa kupimia.

Chini ya kila tairi la mbele weka vipande viwili vya nailoni ngumu vyenye grisi katikati, ili tairi lizunguke bila kushikwa na sakafu. Usukani uunyooshe na uufunge usitembee. Kisha pima kwa rula, kutoka kamba mpaka ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya rimu hiyohiyo. Tuseme kushoto umepata milimita 152 kwa mbele na 151 kwa nyuma: mbele iko mbali zaidi na kamba, kwa hiyo gurudumu limefunga milimita 1. Kulia umepata 150 mbele na 151.5 nyuma: limefunguka 1.5. Jumla, matairi yamefunguka nusu milimita. Kwa rimu ya inchi 14, milimita 1 ni kama dakika 9 za pembe (digrii moja ina dakika 60), ukitaka kulinganisha na karatasi ya mashine.

Magari mengi madogo yanayovuta kwa magurudumu ya mbele yanataka karibu na sifuri, yakizidi sana yafunge milimita 1 au 2 kwa jumla. Angalia kitabu cha gari lako.

Kurekebisha: legeza loki nati ya tairodi, mara nyingi ni spana ya 19 au 22, na legeza klipu ndogo ya buti ya raki ili buti isijisokote. Zungusha fimbo ya raki endi. Uzi wa milimita 1.5 kwa mzunguko unatembeza ukingo wa rimu kama milimita 5 kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo mzunguko inatosha, kisha pima upya. Raki ikiwa nyuma ya ekseli, kurefusha fimbo kunafunga matairi kwa mbele. Ikiwa mbele ya ekseli ni kinyume.

Zungusha kulia na kushoto kwa kiasi sawa. Mwisho hesabu nyuzi zinazoonekana kila upande. Zikipishana zaidi ya milimita 1.5 kwa urefu, simama. Ama kuna fundi aliyezungusha upande mmoja tu, ama kuna kitu kimepinda.

DadaVitz

Kaka Kamba na Utepe, ahsante, nimekuelewa vizuri. Swali: kwenye Vitz na IST, kemba ikiwa imekosea inarekebishwa wapi? Naambiwa haina pa kurekebishia.

BushiNaBoli

Dada, ni kweli kutoka kiwandani haina sehemu ya kuzungusha. Lakini shokapu inashikwa kwenye nako (chuma kinachobeba gurudumu) kwa boliti mbili, na Toyota wanazo boliti za kurekebishia zenye shingo nyembamba, zimetiwa vidoti kichwani kuzitofautisha. Unaondoa boliti moja unaweka hiyo, gurudumu linapata nafasi ya kusimama au kulala kidogo. Ila uliza kwanza kwa nini imekosea. Gari lililoingia shimo kubwa huwa limepinda shokapu, nako au mkono wa chini, na boliti ya kurekebishia itaficha tu. Linganisha na upande wa pili kwa rula kabla ya kununua chochote.

Nyuma ya gari hizo ni boriti moja. Ikipinda, hakuna pa kuzungusha. Na magurudumu ya nyuma yakiangalia pembeni, gari linatembea kimshazari, usukani haukai katikati hata ukirekebisha mbele mara kumi.

WaForester (Nairobi)

Kwa Subaru mambo ni tofauti kidogo. Boliti ya juu kati ya shokapu na nako, pale mbele, ni ya yai tangu kiwandani, yaani ukiizungusha inasogeza gurudumu. Ndiyo ya kemba. Mkifungua shokapu bila kuweka alama ya ilipokuwa imekaa, mmeshapoteza kemba. Piga alama ya patasi au rangi kwanza.

Nyuma nako kunarekebishika. Kuna boliti za yai kwenye mikono ya chini, upande wa ndani. Kwa hiyo usikubali alaimenti ya magurudumu mawili ya mbele tu. Boliti hizo hukwama kwa kutu. Pulizia mafuta ya kulegeza siku moja kabla ya kwenda.

Mzee wa Prado

Vijana mmesema vizuri. Kwa Prado yenye mikono miwili mbele, kila mkono wa chini una boliti mbili za yai zenye mistari ya alama. Mbili zikizungushwa pamoja unabadilisha kemba, zikizungushwa kinyume unabadilisha kasta, ule mlalo wa mhimili wa kukatia kona unaofanya usukani urudi wenyewe. Ukiinua gari kwa springi ndefu, kasta inapungua, usukani unakuwa mwepesi wa ajabu na hautulii barabara ndefu. Baada ya kuinua, alaimenti ni lazima.

Land Cruiser za 78 na 79, ekseli ya mbele ni nzima, kemba haina pa kurekebisha. Matairi yanafungwa kwa fimbo moja ndefu inayogusa magurudumu yote mawili, na usukani unawekwa katikati kwa fimbo ile nyingine inayotoka kwenye stelingi boksi. Usukani ukianza kupiga kwa nguvu baada ya shimo, msikimbilie kubadilisha ile shokapu ya usukani. Anzeni na bushi za fimbo ya mlalo ya ekseli, beringi za nako, na balansi.

Mkono wa Kuume (Bujumbura)

Ndugu zangu, barabara nayo ina mgongo. Tanzania, Kenya na Uganda mnapita kushoto, lami inateremka kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa litasogea kushoto polepole ukiachia usukani. Sisi Burundi, Rwanda na Kongo tunapita kulia, linasogea kulia. Jaribu kwenye eneo tambarare, pande zote mbili za kwenda na kurudi, kabla ya kusema linavuta. Barabara zenye mifereji ya matairi ya malori nazo zinayumbisha hata gari jipya.

Kwenye karatasi kumbuka: gari huvuta upande wenye kasta ndogo, au upande ambao kemba imeelekea nje zaidi.

Spana19

Wakuu, mmemaliza karibu yote. Nawaachia ya kudai mkifika kwenye mashine. Fundi atikise magurudumu kabla ya kufunga vipimo, na asipofanya hivyo mwombe. Gari lisogezwe au magurudumu yazungushwe ili mashine ifute kosa la rimu iliyopinda. Usukani ufungwe katikati kabla ya kugusa tairodi. Chukua karatasi mbili, ya kabla na ya baada, usikubali ya baada peke yake.

Usukani ukibaki pembeni, asiung'oe na kuuhamisha meno. Unarekebishwa kwenye tairodi: upande mmoja unafupishwa, mwingine unarefushwa kwa kiasi kilekile. Gari lenye VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) lina sensa inayosoma pembe ya usukani, na ukihamishwa meno sensa inaamini unakata kona wakati unaenda sawa. Taa ya VSC ikiwaka baada ya alaimenti, rudi siku hiyohiyo wasawazishe sensa kwa kompyuta, gari likiwa tambarare na usukani umenyooka.