Mkono wa mama umevimba baada ya kutibiwa saratani ya titi, nifanyeje?

Binti wa Kadutu
Jambo wandugu. Niko Bukavu. Mwaka jana mama alipasuliwa, wakatoa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, halafu akapigwa mionzi Kigali. Alishaanza kurudia kazi zake. Sasa ni wiki 3 mkono wa kushoto unamlemea. Pete ilikataa kutoka, tukaitoa kwa sabuni. Ukibonyeza kwa kidole, kishimo kinabaki. Majirani wanasema ni karuho, yaani sumu ya kutegwa na watu, wanataka apigwe chale itoke. Ninaogopa, nisaidieni.

Mama Neema
Mwanangu, wembe usiguse mkono huo! Si karuho. Mimi yalinipata miaka 4 baada ya operesheni, nilishasahau kabisa. Avue saa na bangili, bidoni la lita 20 wabebe wengine kwa sasa. Ila asiukalishe mkono bure: achane nywele, afue nguo ndogondogo. Akikaa, aulaze juu ya mto.

Muuguzi Ibanda
Mama amesema kweli. Tezi zikitolewa, na mionzi ikikaza njia zilizobaki, majimaji ya mwili yanakosa pa kupita, kama mvua ya Kadutu inapokuta mfereji umeziba. Mkono wa hivyo ukipigwa chale, vijidudu vinaingia na kuenea upesi. Hata sindano na presha, omba wafanyie mkono wa kulia.

Azima mita ya fundi cherehani, pima mikono yote miwili, sm 10 chini ya kiwiko na sm 10 juu yake. Ikipishana sm 2, uvimbe upo. Mrudishe kwa daktari wake haraka, maana mkono kuvimba kunaweza pia kuwa damu iliyoganda au saratani iliyorudi, na hilo haliamuliwi nyumbani. Ikiwa ni majimaji tu, atavalishwa soksi ya mkono inayobana, ya kipimo chake, na kufundishwa kuusugua polepole, bila nguvu. Uvimbe huo hauishi kabisa, lakini ukiwahiwa unatulia. Ngozi ikiwa ya moto, au homa ikipanda, msingoje asubuhi: anahitaji antibiotiki.

Binti wa Kadutu
Aksanti sana. Nimepima chini ya kiwiko: kushoto sm 29, kulia 26. Kesho saa moja tunaenda. Mama anauliza kama anaweza kutwanga sombe.

Mama Neema
Angoje daktari. Leo umtwangie wewe.