Kwa nini chumba cha mitambo ya kuchapa magazeti huongezewa unyevu?

MchoraRamani: Habari zenu, wakuu. Katika zoezi la kuchora jengo la gazeti nimetakiwa kuiweka mitambo chini kabisa, juu ya msingi uliotengwa na ule wa jengo, na hilo nimelielewa kwa sababu ya uzito na mtetemo. Linalonitatiza ni sharti la kufunga vifaa vya kuongeza unyevu hewani, ilhali karatasi na maji haviivani. Naomba ufafanuzi.

FundiZamu: Mkuu, balaa huanza karatasi inapokauka kupita kiasi. Hupita mtamboni ikiwa ukanda mmoja mrefu, unaovutwa kutoka kwenye roli hadi sehemu ya kukunjia, na ikikauka mno huwa rahisi kukatika, tena hujaa umeme tuli hadi kurasa zikagandana. Ukanda ukikatika, mtambo husimamishwa, mabaki yaliyojisokota huchomolewa kwa mkono, kisha karatasi hupitishwa upya rola baada ya rola, na huko nje magari ya usambazaji yanasubiri. Kwa hiyo unyevu hushikiliwa karibu na asilimia 50, usiku na mchana. Ukizidi nao, karatasi hutanuka, rangi nne za wino, zinazochapwa moja juu ya nyingine, haziangukiani tena, na uso wa waziri unatoka na midomo miwili.

Mtunza Ghala: Naongeza kwamba ghala la maroli lipewe hewa ileile, na njia ya kutoka huko iwe tambarare bila ngazi, kwa kuwa roli moja kubwa hufikia tani moja au zaidi.

Mhariri wa Usiku: Usisahau kuta. Zamani kazi yake iliweza kuwa usiri: mtambo wa mvuke wa Friedrich Koenig, uliochapa The Times la London tarehe 29 Novemba 1814, ulifungwa kwa kificho ili wachapaji wa mkono, waliohofia ajira zao, wasiuone mapema. Siku hizi kazi yake ni kuzuia kelele, ambayo hupita desibeli 85 kwa urahisi, kiwango ambacho nchi nyingi hudai kinga ya masikio. Mchoree fundi kibanda cha vioo cha kuongozea mtambo, kiwe karibu kiasi cha kumwezesha kuchomoa nakala mpya na kuikagua papo hapo chini ya taa nyeupe, kwa maana kila dakika anayochelewa kurekebisha wino huzaa mamia ya nakala za kutupwa.

MchoraRamani: Ahsanteni. Kumbe hata ghala nililiweka ghorofa ya pili, nalishusha leo.