Salbutamoli kwa mgonjwa aliye kwenye oksijeni ya mkondo mkubwa

Muuguzi, Bukavu
Wenzangu, salamu. Tuna mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, ambaye pumzi ilimshinda ghafla na sasa anapewa oksijeni yenye joto na unyevu kwa kanula ya pua (vijirija vinavyoingia puani), lita 50 kwa dakika. Kifua bado kinapiga mlio wa filimbi. Tunapompa salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, kwa kumvisha barakoa ya nebulaiza (kifaa kinachogeuza dawa kuwa ukungu) juu ya kanula, naona ukungu wa dawa ukitoka pembeni ya mashavu na kupotelea hewani. Je, dawa inamfikia kweli?

Daktari, Goma
Ndugu muuguzi, inayomfikia ni kidogo sana. Mkondo wa kanula ukizidi kasi ambayo mgonjwa mwenyewe anavuta hewa, ziada yake hurudi nje kwa nguvu na kuusukuma ukungu kabla haujaingia kifuani, na matone mengine hugonga kuta za pua na koo yakaishia hapo. Kwa hiyo, kama hali yake inaruhusu, punguzeni mkondo hadi lita 30 au chini kidogo wakati wa dawa tu, mtu akae kando ya kitanda akiangalia oksijeni ya damu na mwendo wa pumzi, na mkondo urudishwe mara moja mzee akianza kuchoka. Kwake yeye lengo la oksijeni ya damu ni asilimia 88 hadi 92, si zaidi. Akianza kusinzia, usingizi huo usiachwe kupita: huenda kaboni dioksidi inapanda, naye atahitaji kusaidiwa kupumua kwa mashine yenye barakoa.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Lubumbashi
Naongeza jambo la kifaa. Nebulaiza ya wavu unaotetema hufungwa ndani ya mfumo wenyewe, kabla ya chombo cha kutia unyevu, nayo haiongezi hewa yoyote. Ile ya kawaida huongeza lita 6 hadi 8 kwa dakika. Kwa mgonjwa wa aina hii iendeshwe kwa hewa ya kawaida, na ikilazimu oksijeni, isizidi dakika 6.

Muuguzi, Bukavu
Aksanti sana. Nebulaiza ya wavu hatuna, na umeme hukatika mara kwa mara.

Daktari, Goma
Basi tumieni pampu ya salbutamoli pamoja na chemba yake (chombo cha kushika dawa kati ya pampu na mdomo), au chupa safi ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu. Shusheni mkondo, mzee abane chupa kwa midomo, mpulizo mmoja mmoja, avute pumzi kadhaa kabla ya mwingine. Hesabuni mapigo ya moyo kabla na baada, maana salbutamoli huyaharakisha na hushusha madini ya potasiamu katika damu.