Pikipiki imepigwa maji ya presha, sasa injini inamisi na cheni inalia

Mwendo Pole

Wakuu, naombeni msaada. Jana nilipeleka pikipiki kuoshwa baada ya wiki nzima ya matope. Ni ya silinda moja, ya karbureta, mbele breki ya diski, nyuma dramu. Kijana akaipiga kwa mashine ya presha kila upande huku injini ikiwa bado ya moto, maana nilikuwa ndio nimefika. Ikatoka inang'aa kweli. Sijaenda mbali ikaanza kumisi, nikivuta mafuta inakohoa kama inataka kuzima. Leo asubuhi imewaka kwa shida, na cheni inalia kwii kwii. Nataka nianze kuiosha mwenyewe. Naanzia wapi? Na hii sabuni ya unga ya kufulia inafaa?

Kofia Ngumu

Pole mkuu. Anza na plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha mafuta. Injini nyingi plagi imekaa kwenye kishimo, na maji yakijaa pale umeme unakimbilia kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha. Acha injini ipoe, chomoa kofia ya plagi, kausha kishimo na ndani ya kofia kwa kitambaa. Plagi yenyewe usiifungue kabla kishimo hakijakauka, maana maji na mchanga vitadumbukia kwenye silinda.

Grisi Mkononi

Kofia Ngumu kasema kweli. Mimi niongezee upande wa kuosha, maana hiyo mashine iliniharibia beringi za gurudumu la nyuma. Sili za beringi, za usukani na za swingi, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, zinazuia mvua na maji ya barabarani. Ukizisogezea mdomo wa mashine kwa karibu, maji yanapenya na kukaa ndani na grisi. Siku hiyo huoni kitu. Mimi nilikuja kugundua baadaye, gurudumu linacheza ukilitikisa kwa mkono, na nilipofungua, grisi ilikuwa imegeuka uji wa kahawia.

Kwa hiyo ndoo mbili na mpira wa maji wa kawaida vinatosha. Ndoo moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia sponji, ili mchanga usirudi kwenye rangi ya tangi. Osha kivulini, injini imepoa kiasi cha kuishika. Mdomo wa ekzosi uzibe kwa kitambaa. Changu ni chekundu, na nakiacha kining'inie ili nisikisahau. Sabuni ya unga iache: chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza, na ukali wake si rafiki wa alumini. Tafuta shampuu ya magari.

Matope makavu usiyasugue. Yalowanishe, yaache yalainike, kisha yaondoe kwa maji. Anza juu ushuke chini: tangi, kiti, madigadi, injini, na magurudumu mwisho kwa sponji yake peke yake. Zile bomba zinazong'aa za shokamzoba za mbele zifute kwa kitambaa laini mpaka ukipitisha ukucha usikwaruzike na kitu. Tope likikaukia pale, kila shokamzoba inaposhuka linaikwangua sili, halafu unaanza kuona mafuta yanavuja.

Cheni ndiyo kazi yenyewe. Simamisha kwa stendi kubwa, gia kwenye nyutro, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Zungusha gurudumu kwa mkono. Nakusihi, usiwashe injini ukaweka gia ili cheni ijizungushe yenyewe. Kijana niliyefanya naye kazi alipoteza ncha ya kidole hivyo, kitambaa kilinaswa kwenye sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, kikavuta mkono. Ilikuwa mara moja tu, hata kelele hakupata muda wa kupiga.

Mwendo Pole

Asante sana. Fundi wangu husafisha cheni kwa petroli, nayo vipi?

Grisi Mkononi

Hapana kaka. Petroli inashika moto haraka, na kama cheni yako ina ringi za mpira, inazikausha. Ringi hizo ndizo zinazoshikilia grisi iliyowekwa kiwandani ndani ya pini. Tumia mafuta ya taa, mbali na moto, na brashi laini, ya waya itakata ringi. Futa, acha ikauke, kisha paka mafuta ya gia, yenye uzito ulioandikwa 80W-90 yanafaa, kwa upande wa ndani wa cheni, pale inapopita chini. Ikizunguka, mafuta yanasukumwa kwenda nje yenyewe. Ukiyapaka nje yanarukia kwenye rimu. Paka jioni, futa yanayozidi, yalale usiku kucha.

Kofia Ngumu

Na tairi zisiguswe na dawa ya kung'arisha, hata kidogo. Niliwahi kupaka, ikamwagika mpaka sehemu inayokanyaga barabara, kona ya kwanza nyuma ikateleza. Diski nayo isiguse nta wala mafuta. Ukishaosha, washa injini nje, isiwe ndani ya chumba, halafu endesha polepole ukibana breki kidogo kidogo mpaka zishike. Dramu ikiingia maji inachelewa kukauka kuliko diski, ipe muda.

Mwendo Pole

Nimerudi wakuu. Kishimo cha plagi kilikuwa na maji kama kijiko kizima. Nimekausha, imewaka kwa kiki moja na haimisi tena. Cheni imeacha kulia baada ya mafuta ya gia. Halafu nilipokuwa nafuta gurudumu la nyuma spoku kwa spoku, nimekuta mbili zimelegea na moja imekatika kabisa pale kwenye habu. Sijui nimetembea nayo hivyo kwa muda gani. Kesho inaenda kwa fundi kabla sijampakia mtu.