Mafundi wa kompyuta, acheni kuwaambia watu mashine zao zimekufa! Shangazi yangu kapokonywa laptopu nzima mchana kweupe hapa Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitoificha. Atakayeona nimemgusa, basi nimemkusudia.

Shangazi yangu anasomesha skuli ya msingi upande wa Wete. Laptopu yake aliinunua kwa pesa ya kibati alipofikiwa na zamu yake. Humo ndimo anamotungia mitihani, anamojazia alama za wanafunzi, na siku za mapumziko anawachapia watu barua na wasifu wa kuombea kazi apate chochote. Mashine haijawahi kumgomea. Sasa ikawa kila akiiwasha linamtokea tangazo kwamba Windows 10 (mfumo unaoiendesha mashine yake) imefikia mwisho wa kuhudumiwa. Akaingiwa na khofu, akateremka Chake Chake, akaingia duka moja. Jina naliacha kwa sababu sheria za jukwaa tunazijua, ila wenyewe wakisoma watajijua.

Kijana wa pale hakuifungua hata kuitizama ndani. Kamwambia: "Mwalimu, hii ishakufa hii. Windows 11 haiikubali, na Windows 10 haipo tena. Ukiendelea nayo virusi vitakula kazi zako zote." Wakaichukua kwa bei ya kutupa, shangazi akaongeza laki tatu na nusu, akapewa "mpya" iliyokwishapigwa Windows 11. Akarudi kwao anashukuru. Yeye ni mtu wa kuamini watu.

Mie niliishika hiyo "mpya" alipokuja kwetu. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika msinfo32 inayoonesha vilivyomo ndani ya mashine, nikasoma mstari wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: Core i5-4300U. Sasa nifuateni hapa, maana hapa ndipo wizi ulipo. Kwenye prosesa hizi za zamani za Intel zenye tarakimu nne, tarakimu ya kwanza baada ya ile alama ya kistari inakwambia kizazi chake. Hii ni kizazi cha 4, ilitoka mwaka 2013. Laptopu aliyoiacha dukani ilikuwa i5-6300U, kizazi cha 6, ya mwaka 2015. Naijua vizuri kwa sababu mie ndiye niliyemwekea SSD (diski ya kasi) na kumwongezea rami (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikafika GB 8. Yaani wamemchukulia mashine bora, wakampa mbovu zaidi, na pesa juu wamemtoza!

Na hiyo Windows 11 imeingiaje kwenye kizazi cha 4? Kwa utaratibu uliotangazwa na Microsoft, wenye Windows, Windows 11 inaanzia Intel kizazi cha 8, ukiacha chache mno za cha 7, tena mashine iwe na ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wameipitisha kwa ujanja wa kuruka ukaguzi wakati wa kuipiga. Ujanja wenyewe unajulikana na si haramu mtu kuufanya kwenye kompyuta yake huku akijua anachofanya, lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo hawaidhamini kupata masasisho, yaani marekebisho ya kuziba matundu ya usalama. Kwa hiyo ile khofu aliyotiwa shangazi, kwamba atakosa masasisho ya usalama, ndiyo hiyo hiyo aliyouziwa ndani ya boksi jengine. Sijamaliza. Nikafungua upande wa ulinzi, nikakuta kinga ya virusi ya Windows imezimwa, na diski C yote imewekwa kwenye orodha ya mahala pasipokaguliwa. Sababu ni kwamba leseni ni ya kukraki, yaani ya wizi isiyolipiwa, na programu ya kukraki haikai mpaka mlinzi aondolewe mlangoni. Huyu mwanamke anahifadhi humo mitihani na majina ya watoto wa watu!

Huu ni udanganyifu, na haufanyiki duka moja tu. Nimewasikia watu wa Mkoani wakilalamika, nimewasikia wa Darajani na Mlandege huko Unguja. Maneno ni yale yale: imekufa, imepitwa, haina kazi.

Haijafa. Kompyuta ni kitu kimoja na mfumo endeshi, kama hiyo Windows, ni kitu chengine, na tangu zamani vitu hivi viwili vimekuwa vikiuzwa na watu tofauti. Gary Kildall alipotengeneza mfumo endeshi wa CP/M mwaka 1974, ilikuja ikatumika kwenye mashine za makampuni chungu nzima. IBM walipotaka kutoa kompyuta yao binafsi mwaka 1981 walikuwa na haraka, wakawaendea Microsoft. Microsoft hawakuwa na mfumo. Wakaununua ule wa Tim Paterson wa Seattle Computer Products, wakautengeneza ukawa DOS, wakawapa IBM, lakini haki ya kuwauzia wengine wakabaki nayo wenyewe. Hapo ndipo biashara yote ilipozaliwa. Ndiyo maana leo ukiingia duka lolote unakuta HP, Dell na Lenovo zimepangwa pamoja na zote zinawaka Windows. Anayetengeneza chuma haamui mfumo uishi miaka mingapi, na anayetengeneza mfumo hajali chuma chako kina uzima gani.

Apple wao walishika vyote viwili. Kompyuta yao ya Macintosh ya Januari 1984 ilikuja na madirisha na mausi, mambo ambayo Xerox walikuwa nayo kwenye kompyuta yao ya Alto tangu 1973 wasijue kuyauza. Windows ya kwanza ikafuata Novemba 1985, na mpaka ilipofika 3.0 mwaka 1990 ndipo watu wakaanza kuichukua kwa wingi. Hizo kwetu hatukuziona sana. Wengi tumeanzia Windows 98 na XP.

Ninachotaka mkitizame ni uzito. Windows 95 iliomba rami ya MB 4. XP ya mwaka 2001 ikaomba MB 64. Windows 7 ya 2009 ikaomba GB 1. Windows 11 inaomba GB 4, na nafasi ya GB 64 kwenye diski. Kutoka MB 4 hadi GB 4 ni mara 1,024, na shangazi yangu bado anaandika "Jibu maswali yote" na kupiga mstari chini yake, kazi ile ile iliyokuwa ikifanyika mwaka 1995. Hata hivyo ule mzigo wa zamani ulikuwa na maelezo. XP ilileta uimara ambao 98 haikuwa nao, nani asiyeikumbuka ile skrini ya buluu mashine inapokwama? Windows 7 ikaja kuwapumzisha watu na Vista, toleo lililoitangulia. Na kompyuta iliyoshindwa ilishindwa kweli: rami haitoshi, prosesa inasota, unaona kwa macho yako.

Safari hii ni tofauti, na hili ndilo linaloniuma khasa. Kutoka 7 kwenda 10 mwaka 2015 walimpa kila mtu bure kwa mwaka mzima, na takriban kila mashine iliyokuwa na 7 iliingia. Mfanyakazi wa Microsoft alisimama mkutanoni mwaka ule ule akasema Windows 10 ndiyo toleo la mwisho. Watu wakatulia. Oktoba 2021 ikatoka 11, ikaja na orodha ya prosesa inazozikubali. Laptopu ya shangazi ina nguvu kuliko inachohitaji Windows 11 kwa maandishi yao wenyewe, rami mara mbili, prosesa inatosha, lakini jina la prosesa halimo kwenye orodha, basi. Sababu yao ni usalama, na nawapa haki yao: ile chipu ya TPM inatunza funguo za siri pahala ambapo virusi havifiki kirahisi. Ni kitu kizuri. Lakini kwa ajili yake, mamilioni ya mashine nzima duniani zikaitwa taka tarehe 14 Oktoba 2025. Huko Ulaya maofisi yanazitoa kwa mafungu, na sote tunajua vitu vinavyotolewa huko vinashukia wapi. Vitashushwa hapa kwetu vije vituuzwe, na vikishindikana vitaishia jaa la Kibele huko Unguja.

Sasa nyinyi mafundi. Kuna mambo mnayajua na mnayanyamazia.

Mnajua kwamba Windows 10 toleo la 22H2 (ndilo la mwisho la Windows 10) inaweza kuandikishwa ikaendelea kupokea masasisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu ana njia tatu: anaingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwao, au anatoa pointi 1,000 za zawadi zao, au analipa dola 30. Watu wa nchi nyingi za Ulaya wao wakapewa bila ya masharti hayo ya kulipa wala kuhifadhi, baada ya vyama vya watumiaji kupiga kelele. Sie hatukupiga kelele, sie tukaambiwa "imekufa". Kazi ya kuiandikisha inakwenda upesi kama intaneti ipo. Duka lile lingemtoza shangazi elfu kumi angelipa kwa furaha.

Na mnaijua Linux, mfumo endeshi mwengine usiokuwa wa Microsoft. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mpaka leo ni bure. Inakuja kwa aina nyingi: Ubuntu ipo tangu 2004. Linux Mint imepangwa kiasi kwamba aliyezoea Windows 7 hapotei. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha kwenye mashine bila ya kugusa diski, mwenyewe anaijaribu kwanza anaona kama intaneti inashika na printa inachapa. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inafungua mafaili yake ya Word. Na msiniambie mambo haya ni ya Wazungu, maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, bure kabisa. Leo zaidi ya miaka ishirini imepita na fundi wa Chake anamwambia mwalimu kwamba hakuna njia ila anunue! Nakubali, si kila mtu itamfaa. Mwenye mashine ya alama za vidole ambayo draiva yake (programu ya kuiunganisha na kompyuta) ni ya Windows tu, au mhasibu mwenye programu isiyotoka kwengine, huyo mwambie kweli. Lakini mwambie kweli.

Kuna tabia nyengine mnaitia watu: kila mashine mnayoipiga Windows mnazima masasisho, mnasema "usiguse, itakula bando". Bando ni ghali, nami naliumia hilo kila mwezi. Lakini ipo sehemu kwenye mipangilio ya mtandao ya kuiambia Windows kwamba intaneti hii ni ya kupimwa, ikapunguza kushusha mavitu yenyewe. Ipo na sehemu ya kuzuia kompyuta yako isiwasambazie wengine masasisho kwa bando lako. Hizo hamzigusi. Mnazima kila kitu. Mei 2017 WannaCry, programu mbaya ya kufunga mafaili na kudai pesa, ilipopita duniani na kufunga mpaka kompyuta za hospitali za Uingereza, dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa tangu Machi. Wengi walioumia walikuwa na Windows 7, iliyokuwa bado inahudumiwa wakati ule, ila hawakuisasisha. Kwa hiyo msije hapa mkaniambia mnawalinda watu na virusi. Mtu mwenye Windows 10 iliyosasishwa na kinga yake inafanya kazi yuko salama kuliko huyu mliyemuuzia 11 ya kukraki.

Na wakubwa wa maofisi na skuli mnaoandika kwenye karatasi za manunuzi "lazima iwe Windows 11" bila ya kumwuliza anayeijua kazi, nanyi mna sehemu yenu. Mnatoa mashine nzima chumba cha kompyuta, watoto wanakaa wanne kwenye moja. Zile za zamani zingepigwa Linux zikabaki za kujifunzia kuandika na kutafuta habari, mtoto mmoja mashine yake.

Nimekwenda dukani na shangazi kuidai ile laptopu. Wakasema ishauzwa. Ishauzwaje na imekufa? Aliyeinunua kanunua maiti? Hawakuwa na jibu, wakaanza kunipandishia sauti. Sitonyamaza. Risiti tunayo, namba ya mashine iliyoandikwa chini yake ninayo pichani, na wiki hii tunakwenda kwa sheha kwanza, kisha tutaona.

Wenzangu naomba msaada wa aina mbili. Kama umenunua laptopu ya mtumba siku za karibuni Unguja au Pemba, bonyeza Windows na R, andika msinfo32, uweke hapa mstari wa prosesa na bei uliyolipa. Jina la duka usiandike. Halafu fungua ulinzi wa Windows uangalie kwenye vitu vilivyoachwa visikaguliwe kuna nini, na uniambie. Na kama kuna fundi mkweli aliyepo Wete au Chake anayeweza kuwapigia watu Linux Mint au kuwaandikishia Windows 10 yao kwa bei ya haki, ajitokeze kwenye uzi huu. Shangazi ana walimu wenzake ambao tangazo lile linawatokea kila asubuhi, na nimeshawaambia wasiteremke mjini na mashine zao mpaka nipate mtu.